Kenge wa Mama Kabula

Magoti yangu yamestaafu kabla yangu, nami nimeona si vizuri kuyaacha yaende peke yake. Mtaimbo nimewaachia ninyi, mwiko nimewaachia, hata zile buti za mpira zinazovuja upande wa kushoto nimewaachia. Sasa mnanifuata nyumbani Mabatini kuniuliza mambo ambayo hamkuuliza tulipokuwa tumesimama pamoja majini. Linalorudi sana ni hili: kwa nini kila ukuta niliougusa kando ya ziwa, kuanzia Bwiru mpaka Luchelele, una matundu chini, na kila tundu limejazwa kipande cha nyavu chakavu? Mmoja wenu ameniambia mteja wake anadhani ni dawa ya Kikerewe, uganga wa watu wa visiwani. Mwacheni aendelee kudhani. Mteja wa namna hiyo haibi mawe.

Nitaeleza, lakini kwa mpangilio wangu. Habari za vyeo nitaziruka, kwa sababu sikuwahi kuwa na cheo.

Mimi si mtu wa kukaa. Nilipomaliza kidato cha nne nilibeba mizigo bandarini Bukoba, nikashika kamba ya wapima barabara kule Geita, nikauza taa za mafuta Musoma, nikapaka rangi mitumbwi Kisorya. Kila nilipofika nilikumbuka nilikotoka, na kila niliporudi nilikumbuka nilikokuwa. Mwishoni niliajiriwa kwenye karakana moja ya umma hapa Mwanza, na mama yangu akashukuru Mungu kwamba nimetulia. Hazikupita siku nyingi ukaja upepo wa kupunguza wafanyakazi. Niliingia wa mwisho, nikatoka wa kwanza. Nikashuka ziwani kutazama meli na kufikiria niende wapi tena.

Pale Bwiru nikamkuta mtu mfupi amesimama majini, maji yamemfika magotini, kofia ya pama kichwani, anagonga ukuta kwa nyundo ndogo na kutega sikio kama daktari. Huyo ndiye Fundi Ndahani. Alikuwa Mgogo wa upande wa Mpwapwa, mahali ambapo, kwa maneno yake mwenyewe, mvua ikinyesha watu hutoka nje kuitazama kama mgeni. Jinsi mtu wa kule alivyokuja kuwa fundi wa kuta za ziwani hakuwahi kunieleza kwa namna moja mara mbili. Mara alisema alifuata mwanamke, mara alisema alishuka kwenye treni akiwa na kiu.

Aliniuliza kama naweza kubeba mawe. Nikasema naweza. Akaniuliza swali jingine: ukuta huu ukianguka, utaangukia upande gani? Nikatazama mawimbi yanavyoupiga, nikajibu kwa uhakika kwamba utaangukia upande wa nyumba. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akanipeleka hatua chache mbele kuona ukuta wa jirani uliokwisha kuanguka. Wote ulikuwa umelala kifudifudi ziwani.

Huo ndio msingi wa kazi yetu, na kama mmesahau mengine yote, shikeni huu. Ziwa halisukumi ukuta sana. Kinachousukuma ni udongo ulioko nyuma yake, na udongo ukilowa huwa mzito na mkaidi. Mvua inanyesha uwanjani, maji ya kufulia yanamwagwa, yote yanazama na kutafuta njia ya kwenda ziwani, na yanakuta ukuta. Yasipopata tundu yanangoja. Yanakusanyika. Siku moja yanatoka na ukuta. Kwa hiyo unaacha matundu chini, nyuma yake unapanga kokoto kubwa, kisha ndogo, kisha changarawe, ili maji yapite na udongo ubaki. Ndahani aliyaita matundu ya kupumulia. Ukuta usiopumua, alisema, ni maiti iliyosimama.

Miaka ile kazi ilikuwa nyingi. Saruji iliyokuwa ikitafutwa kwa kibali na kujuana ilikuwa imejaa madukani, na watu waliopata chochote kwenye sangara walitaka nyumba inayotazama maji. Wengine walijenga kuta kwa kila walichokuwa nacho. Tulitengeneza ukuta wa mapipa ya lami yaliyojazwa mchanga, yakaoza yote kwa pamoja kama yaliyokuwa na mkataba. Tulitengeneza wa matairi, na ndani ya mojawapo alikuwa anaishi kuku mwenye vifaranga, tukalazimika kumsubiri. Mwenye baa mmoja alitaka juu ya ukuta wake tumjengee mamba wa zege. Tulimjengea. Wiki iliyofuata alikuja kulalamika kwamba wateja wake wakishalewa wanamtupia mamba mishikaki.

Sasa Mama Kabula.

Alikuwa Msukuma wa Kisesa, mjane, mwenye sauti ya kuita mtumbwi kutoka ng'ambo. Alianza kwa kuanika dagaa na mama yangu, jamvi moja, miaka ambayo mimi nilikuwa nazuiwa nisiwachezee. Dagaa hao hao, gunia kwa gunia, ndio waliojenga nyumba yake ya Bwiru. Uwanja ulikuwa mfupi, na jiko lilisimama karibu sana na ukuta wa ziwa kiasi kwamba angeweza kumwaga ukoko majini bila kutoka mlangoni. Hakuwa na kiwanja kingine. Alisema wazi kwamba ndani ya nyumba ile atazeeka na humo humo atatolewa.

Ukuta wake aliujenga Ndahani kabla sijafika. Na hapa lazima niseme kitu ambacho watu wa hapa wanakijua, ila miongoni mwenu wapo waliokulia mbali: Wagogo na Wasukuma ni watani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na kuondoka na kuku wako, na ukinuna wewe ndiye uliyekosa adabu. Kwa Ndahani utani ulikuwa kama zana nyingine ya kazi. Wateja wake wengi walikuwa Wasukuma, na maneno ambayo fundi mwingine angefukuzwa kwa kuyasema, yeye aliletewa uji kwa ajili yake.

Kiangazi kimoja tulipita pale, na Ndahani akasimama ghafla. Ukuta ulikuwa umetoa tumbo. Katikati umevimba kuelekea ziwani, na matundu ya chini yamezibwa kwa gunia na saruji.

"Msukuma," akaita, "ukuta wako una mimba."

Mama Kabula akatokea jikoni na mwiko wa ugali. "Na baba yake si wewe uliyeujenga? Lete posa."

"Nani kaziba matundu?"

"Mimi. Kenge wako wanaingia humo, wanakula mayai ya bata wangu."

"Kwetu hatuna kenge, tuna kiu tu. Fungua matundu, mla michembe ya viazi. Mvua zikija, jiko lako litakwenda kuoga."

"Na lioge. Hata wewe ungejaribu."

Wakacheka wote wawili, tukapewa uji, tukaenda zetu. Kesho yake Ndahani akarudi na patasi akafungua tundu moja. Tulipopita tena lilikuwa limezibwa, na safari hii saruji ilikuwa imesawazishwa vizuri, kazi safi kabisa. Akafungua mengine. Yakazibwa. Ndipo Ndahani alipotumia haki yake ya utani: akamkamata bata dume wa Mama Kabula, yule mweupe mwenye kiburi, akamtia kwapani mbele ya majirani, akatangaza kwamba huyu ni mateka mpaka matundu yafunguliwe.

Mama Kabula hakubishana. Alisubiri Ndahani ainame, akachukua timazi yake, ile ya kupimia wima wa ukuta, kwenye mfuko wa zana. Timazi ile ilikuwa ya shaba, ameirithi kwa baba yake, na Ndahani hakumruhusu mtu yeyote kuigusa, hata mimi. Tangu siku hiyo ilikaa jikoni juu ya kifuniko cha sufuria ya maharage, kuzuia mvuke. Sisi tukawa tunapima kuta kwa jiwe lililofungwa kwenye uzi, nalo linafaa, lakini kila Ndahani alipolitazama aliguna. Bata naye, kwa Ndahani nilikokuwa nalala na mimi, alikuwa anakula pumba zetu na kutuamsha.

Bwiru yote ilifurahia. Watu walipita kuuliza habari za mateka. Mimi pia nilifurahia, sitadanganya. Hakuna kati yetu aliyeona kilichokuwa kinatokea: kadiri walivyozidisha utani, ndivyo kila mmoja alivyozidi kuamini kwamba mwenzake hasemi jambo la kweli hata moja.

Kisha zikaja zile mvua za Elinino. Mnazikumbuka, au wazazi wenu wanazikumbuka. Ziwa lilipanda, barabara zikakatika, na mawe yaliyokuwa yametulia milimani tangu dunia iumbwe yakaanza kuhama. Tulikuwa tunaitwa kila upande. Asubuhi moja mvua ilipopumzika kidogo nilipita kwa Mama Kabula peke yangu. Ukuta haukuwa na tumbo tena, ulikuwa na kitambi cha mtu aliyekata tamaa. Nikainua macho kwenye jiko. Pembe ya nyuma ilikuwa na ufa, na kupitia ufa ule niliona sufuria, na juu ya sufuria niliona timazi inang'aa.

Yeye alikuwa amekaa barazani anapepeta mchele. Mafiga alikuwa ameshayahamishia upande wa pili wa jiko, ila hakuwa amemwambia mtu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mgogo wako yuko wapi? Mwambie timazi yake imejifunza kupika."

"Anakuja. Mama, mimi ni mtoto wako. Mtoto hatanii na mama yake."

"Najua. Ndiyo maana huchekeshi."

"Ukuta huu unaanguka. Ukianguka, udongo wa chini ya jiko utaufuata, na jiko litaufuata udongo. Halafu chumba chako."

Ungo ukasimama. "Nani kasema?"

"Fundi Ndahani. Amekwambia tangu kiangazi."

"Yule alikuwa anatania."

"Alisema kwa utani, mama. Lakini ndivyo ilivyo."

Aligeuka akautazama ukuta. Kisha akauliza taratibu, "Na mimi nilipomwambia habari za kenge?"

Tulidhani ni tusi la utani kama mengine. Aliweka ungo chini, akanishika mkono, akanipeleka kwenye banda la bata. Maganda ya mayai yalikuwa yametapakaa, na kwenye matope palikuwa na alama ya mkia mzito ulioburuzwa, inatoka bandani moja kwa moja mpaka kwenye ukuta. Tundu moja la pembeni, lililosahaulika kuzibwa, lilikuwa limepanuliwa kwa makucha.

Ndahani akafika akiwa na utani wake mdomoni tayari, sura zetu zikamkatisha. Akaitazama ile alama. Akauliza yule kenge ni mkubwa kiasi gani.

"Kama wewe ukilala," Mama Kabula akajibu, "ila yeye ana shingo."

Nitawaeleza kazi tuliyofanya, maana mtakutana nayo. Ukuta uliojaa maji nyuma haufunguliwi kwa pupa, utakuua. Kwanza tuliuegemeza kwa mbele: magunia ya mawe chini, nguzo za mkaratusi za kushikilia tumbo. Pili tulichimba mfereji nyuma yake ili kuupunguzia mzigo, udongo ukabebwa na kila jirani aliyewahi kucheka habari za mateka, na Mama Kabula mwenyewe aliwaita mmoja mmoja kwa jina. Tatu tulizungusha nondo nene kwenye lile jabali lililoko katikati ya uwanja wake, tukazivuta mpaka kwenye ukuta na kuzifunga, kwa hiyo mpaka leo ukuta ule umefungwa kwenye jabali kama ng'ombe kwenye kigingi. Mwanza Mungu ametupa mawe. Msipoyatumia ni shauri yenu. Mawingu yalikuwa yanarudi kutoka upande wa visiwani, na hakuna aliyeimba.

Mwisho ndio tukafungua matundu, kuanzia pembeni kuelekea katikati, fundi akisimama ubavuni, kamwe si mbele ya tundu. Sheria hiyo alinifundisha Ndahani. Tundu la tatu alilifungua akiwa amesimama mbele yake. Kizibo kikaruka kikampiga kifuani, maji mekundu yakamwagika, na nyuma ya maji, kwa haraka na kwa hasira, akatoka kenge.

Sijui Ndahani alifikaje ziwani. Nilimwona hewani, kisha nikamwona majini, anapiga kelele kwamba hajui kuogelea, na maji yamemfika magotini. Kofia yake ilielea upande mmoja, kenge akaogelea upande mwingine. Mama Kabula alicheka mpaka akakaa kwenye matope. Huku nyuma maji yaliendelea kutoka kwa kila tundu, mekundu, kisha ya maziwa, kisha safi, na nikasikia ukuta ukitulia. Haukurudi nyuma, ukuta haurudi. Ila uliacha kwenda.

Likabaki tatizo la kenge, nalo lilikuwa la kweli kama la maji. Ndahani alipendekeza vipande vya nondo. Mimi nikasema waya wa banda la kuku. Mama Kabula aliingia ndani akatoka na furushi la nyavu chakavu za sangara, zile nene, akalitupa miguuni petu.

"Zibeni na hizi," akasema. "Maji hayana mabega. Kenge anayo."

Ndiyo hiyo dawa ya Kikerewe. Ilitoka kwa Msukuma, kwenye ukuta wa Mgogo.

Siku ile ile aliweka sheria. Alimwokotea Ndahani kofia yake, akaikamua, akamwambia utani hautakoma, ila siku akitaka kuaminiwa aivue kwanza kichwani. Ndahani akakubali. Tangu hapo, kwa kila mteja wa Kisukuma, aliponda na kupondwa mpaka wakashiba, halafu akavua kofia, na watu wakanyamaza kumsikiliza. Nimeona wazee wazima wakihamisha vyoo vyao kwa sababu ya kofia ile. Timazi ilirudi ikinuka maharage. Bata naye alirudishwa, lakini Mama Kabula alimgeuza huku na huku, akasema huyu si wake, wake alikuwa mweupe zaidi, Mgogo amemla na kumletea mwingine. Ndahani aliapa kwa majina yote ya kwao. Mpaka leo sijui ukweli, na nililala na bata yule nyumba moja.

Tulifanya kazi pamoja miaka mingi baada ya hapo. Mara mbili niliondoka, nikaenda Kigoma, nikaenda Shirati, na mara zote nilirudi nikamkuta amesimama majini pale pale, akaniuliza kama bado naweza kubeba mawe. Nilipoondoka mara ya tatu, nilirudi kwa sababu nimeitwa. Alikuwa anaumwa kifua. Hakukaa sana.

Ndugu zake walifika wachache, njia ni ndefu, tukamzika hapa hapa, kwenye makaburi yaliyoko mteremkoni. Msibani Mama Kabula alifanya kazi yake ya utani bila kupumzika. Alikaa mlangoni akazuia jeneza lisitoke mpaka alipwe bata wake. Alimlilia marehemu kwa sauti, kisha katikati ya kilio akauliza huko aendako maji ya kuoga ataanza kuyazoea lini. Wafiwa wakacheka huku wanajifuta machozi. Ndivyo inavyotakiwa.

Kaburi nililijengea mimi. Niliweka mawe pembeni, nikapiga zege juu, nikawa nalainisha kwa mwiko wa Ndahani mwenyewe, taratibu, kwa sababu sikutaka kumaliza. Mama Kabula akaja akasimama juu yangu, mkoba kwapani.

"Umeacha wapi tundu?"

Watu wakacheka. Nikacheka na mimi, nikaendelea kulainisha. Nilipoinua macho niliona amefungua kilemba chake na kukiweka chini kwenye udongo. Mvi zake zilikuwa wazi, kitu ambacho sikuwahi kukiona tangu utoto wangu.

Nikaacha kucheka. Nikatazama mteremko, nikaona maji ya mvua yatakapopitia, na yatakapokusanyika. Nikachukua mtaimbo, nikatoboa upande wa chini, zege likiwa bado bichi. Yeye akafungua mkoba, akatoa kipande cha nyavu kilichokunjwa vizuri, akanipa. Nikakipachika. Akainama akakijaribu kwa kidole kama kimekaa.

Kisha akaokota kilemba chake, akakikung'uta, akakifunga, akaligeukia kaburi na kusema kwamba bado anadai bata.